Kabla mlinzi wa shule hajashika bunduki

Kila shule ya kijijini inapoibiwa, kikao cha wazazi huzaa pendekezo lile lile. Betri ya sola imeng'olewa, dirisha la ofisi limevunjwa, au mtu amekutwa usiku akizungukazunguka bweni la wasichana. Kabla mtendaji hajamaliza kusoma taarifa, mzazi mmoja ameshasimama: mlinzi wetu apelekwe mafunzo ya silaha, apewe bunduki.

Katika kata kama Mgwashi, huku Halmashauri ya Bumbuli wilayani Lushoto, hoja hiyo ina uzito. Nyumba zimetawanyika migongoni mwa milima na mabondeni. Ukungu wa Juni na Julai ukishuka, mlinzi haoni lango akiwa mlangoni pa ofisi. Ukiwapigia polisi simu usiku wa masika, gari lina milima ya kupanda na tope la kupita kabla halijafika. Mlinzi huyo yuko peke yake, ana rungu, tochi na koti kuukuu. Kumfundisha ni wajibu wetu, tena tumechelewa.

Ila hoja ile imebeba mambo mawili, nayo yatenganishwe mapema: mafunzo ni jambo moja, bunduki ni jingine. Mimi naunga mkono la kwanza kwa moyo wote, na la pili nalikataa kwa shule ya kijijini. Nitaeleza namna ya kulifanya la kwanza vizuri, kuanzia kumchagua mtu hadi siku anayorudi lindoni, na njiani sababu za kulikataa la pili zitaonekana zenyewe.

Mnaogopa nini hasa?

Kamati ya shule ianze kwa kuandika yale inayoyaogopa, kwa mpangilio wa yanayoweza kutokea kweli. Shule za Afrika Mashariki zimewahi kushambuliwa kwa silaha, na hakuna haja ya kulifichaficha. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, wakaua watu 148. Walinzi wa getini walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupigwa risasi. Oktoba 2017, Lokichogio kule Turkana, mwanafunzi aliyekuwa amesimamishwa masomo alirudi shuleni na wenzake wakiwa na bunduki, wakaua wanafunzi. Juni 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, ilivamiwa na waasi wa ADF. Waliuawa watu zaidi ya 40, na bweni la wavulana likachomwa moto.

Matukio hayo yana jambo moja la kuzingatiwa na kila mwenye kupanga ulinzi. Washambuliaji walikuwa zaidi ya mmoja, walijiandaa, na walikuja na silaha za kivita au walikuja kwa idadi. Garissa ilichukua siku nzima, na kikosi maalumu kililazimika kutoka Nairobi. Bunduki moja mikononi mwa mlinzi mmoja isingelizuia jambo hilo. Kilichookoa maisha, pale yalipookoka, ni kujua mapema, kukimbia kwa njia iliyo wazi, na kujificha mahali pasipofikika.

Sasa tazameni orodha ya pili, ile ya moto. Shauritanga, Rombo, Juni 1994: wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini. Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67, katika bweni ambalo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Byamungu, Kyerwa mkoani Kagera, Septemba 2020: watoto kumi. Endarasha, Nyeri, Septemba 2024: watoto 21. Nchini mwetu moto umewaua wanafunzi wengi zaidi mabwenini kuliko risasi, na mwanafunzi wa hosteli ya kata yuko karibu zaidi na mshumaa na godoro la sponji kuliko na mtu mwenye bunduki. Mlinzi atakayerudi kutoka mafunzoni akijua kulenga shabaha lakini hajui kuvunja mlango wa bweni linalowaka atakuwa amefundishwa nusu, na nusu yenyewe ni ile isiyohitajika sana.

Mafunzo yapi?

Kwa mtu wa Mgwashi njia halali ni tatu. Ya kwanza na iliyo karibu zaidi ni mafunzo ya Jeshi la Akiba, yaani mgambo. Ya pili ni kampuni ya ulinzi, ambayo huwafundisha walinzi wake yenyewe na ndiyo inayomiliki silaha wanazobeba. Ya tatu ni mtu binafsi kuomba kibali cha kumiliki silaha chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ombi ambalo huanzia serikali ya kijiji na kupanda ngazi kupitia polisi. Hiyo ya tatu ni ya mtu na mali yake. Isitumike kuingiza silaha shuleni kwa mlango wa nyuma.

Mgambo ndio nitakaouzungumzia, kwa sababu ni wa umma, uko wilayani, na msingi wake unafanana na tunachokitaka. Mwongozo wa TANU wa 1971, uliotoka wiki chache tu baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda, ulidai wananchi wenyewe wafundishwe kulinda nchi yao. Miaka michache baadaye, katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wanamgambo walikuwa mstari wa mbele pamoja na JWTZ. Mzee wa miaka sabini hapo kijijini anaweza kuwa na habari za vita hivyo zaidi ya kitabu chochote. Mwulizeni.

Leo mafunzo hayo husimamiwa na Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, ambaye ni mwanajeshi, na kwa kawaida huchukua karibu miezi minne. Kuruta anafundishwa kwata, utimamu wa mwili, usomaji wa ramani, ujanja wa porini, matumizi ya silaha na kulenga shabaha. Wanakuja pia wakufunzi wa nje: polisi kwa sheria, Zimamoto kwa moto, TAKUKURU kwa rushwa, watu wa afya kwa huduma ya kwanza. Linganisheni na jimbo la Ohio, Marekani, ambako sheria ya mwaka 2022 ilishusha mafunzo ya lazima kwa mwalimu anayetaka kubeba bastola darasani, kutoka zaidi ya saa 700 hadi saa 24. Saa ishirini na nne ni siku tatu za kazi. Hatuna sababu ya kuiga hilo, na mtu akija kuwauzia kozi ya silaha ya mwisho wa wiki kwa walimu wenu, mwambieni aende salama.

Muda wa kuanza haufuati kalenda ya shule. Tangazo hushuka wilayani hadi kata, toka kata hadi kijiji, na mara nyingi linafika likiwa limebakiza siku chache. Kwa hiyo msingoje tangazo. Mtu mmoja wa kamati apewe kazi ya kumwuliza Mtendaji wa Kata, na ikibidi kupanda gari hadi Lushoto kwa Mshauri wa Mgambo, kujua awamu ijayo itafanyikia kata ipi na lini. Kituo kikiwa mbali na nyumbani gharama hubadilika kabisa.

Nyaraka ziandaliwe mapema: kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa au cha shule, na barua ya serikali ya kijiji inayomtambulisha na kumdhamini. Barua hiyo isiandikwe kwa mazoea. Mwenyekiti na mtendaji wanaposaini, wanasema kwamba mtu huyu akishika silaha, kijiji hakitajuta.

Nani aende?

Hapa ndipo vijiji vingi hukosea, nami naomba msomaji akae kidogo. Anayependekezwa huwa kijana mwenye nguvu, mwenye sauti, asiyeogopa ugomvi. Huyo huyo ndiye asiyefaa. Kazi ya ulinzi wa shule ni masaa mengi ya kukaa bila kitu kutokea, halafu dakika mbili za kuamua bila jazba. Inamtaka mtu mtulivu, anayefika kwa wakati, asiyelewa, mwenye macho mazuri usiku, na ambaye watoto hawamkimbii wala hawamzoei kupita kiasi.

Ulizeni nyumbani kwake. Mtu anayempiga mke wake hafai kukaribishwa kwenye silaha, na majirani wanajua hata kama ofisi ya kijiji haina faili. Ulizeni alikofanya kazi mwanzo, aliondokaje. Ulizeni kwa walimu wa kike na kwa matroni kama kuna binti aliyewahi kulalamika juu yake. Swali hili linaonewa aibu katika vikao vyetu vya wanaume, basi aulize mama mjumbe wa kamati, na jibu lake liheshimiwe. Deni kubwa pia ni dalili ya hatari, maana mlinzi anayedaiwa ni rahisi kununuliwa na mwizi wa kompyuta.

Afya isifichwe. Mwenye kifafa, presha isiyotulia au pumu kali aseme kabla, kwa sababu mafunzo yana mbio na usiku wa baridi, na kuficha kunaweza kumgharimu uhai. Si aibu kumbadilisha.

Kama shule ina hosteli ya wasichana, pelekeni mwanamke. Mgambo unachukua wanawake, na matroni aliyepitia kwata, huduma ya kwanza na kuzima moto ni ulinzi ambao mlinzi wa kiume hawezi kuutoa, kwa kuwa yeye ndiye anayelala ndani ya uzio wa mabinti na ndiye wanayemwambia mambo. Katika kata yenye nafasi moja tu ya kugharamia, mimi ningempa yeye.

Na yule mzee anayelinda shule tangu darasa la kwanza lilipokuwa la miti na udongo? Asifukuzwe kwa sababu kijana amerudi na cheti. Anamjua kila mtoto na baba yake, anajua nani ana mazoea ya kupita uwanjani usiku, na habari hizo hazifundishwi kambini. Wapangeni pamoja. Kijana amwite babu, ampokee lindo kwa adabu, na amsikilize.

Gharama na pengo analoliacha

Mara nyingi kuruta wa mgambo hujigharamia: chakula, nauli, sare, buti. Kwa mlinzi wa shule ya kata, ambaye posho yake hutegemea michango ya wazazi tangu ada ilipofutwa, hilo ni zito. Kamati ikimtuma bila kumwuliza mkewe watakula nini kwa miezi minne, atatoroka wiki ya sita, na utoro ni mojawapo ya sababu kubwa zinazowaangusha makuruta kila awamu.

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: kijiji kitatoa nini, posho itaendelea au itasimama, shamba lake litapaliliwa na nani kama mafunzo yataangukia msimu wa maharage, na yeye akihitimu ataitumikia shule kwa muda gani kabla hajaondoka. Kifungu hicho cha mwisho kina sababu. Wahitimu wa mgambo na JKT hutafutwa na kampuni za ulinzi, ikiwemo SUMA JKT Guard, na kijana mwenye cheti ataona Tanga au Dar es Salaam panalipa zaidi. Msimlaumu. Kubalianeni mapema, na mumlipe vizuri akirudi.

Usiku wake nao uzibwe. Wezi wanasikia habari kama watu wengine, na mwezi ambao mlinzi yuko kambini ndio mwezi wa kuwa macho. Sungusungu wapangiwe zamu ya shule kwa maandishi.

Kujiandaa, na siku ya shabaha

Mtu wa milima yetu ana faida: mapafu na miguu vimeshazoea kupanda. Kinachomshinda ni buti mpya. Azivae nyumbani kwa wiki kadhaa kabla, ashindie nazo shambani, mpaka malengelenge yaishe. Aanze kulala mapema na kuamka saa kumi alfajiri. Kama kituo kiko tambarare, ajiandae kwa joto na maji mengi. Kama kiko Lushoto juu, sweta la ndani halitamdhuru.

Jambo kubwa la kujiandaa nalo ni kuamrishwa. Afande anaweza kuwa mdogo kwa umri kuliko kuruta wake, na mtu mzima mwenye wajukuu atapiga magoti kwenye tope kwa amri ya kijana. Asiyekubali hilo moyoni asiende, kwa maana utii ule ndio unaozuia ajali siku risasi za moto zinapogawiwa.

Sehemu kubwa ya mafunzo hupita bila risasi, na makuruta wengi huchoka kungojea siku ya shabaha. Wangejua, wangethamini zaidi zile wiki za kukagua silaha tupu. Humo ndimo mikono inapojengewa tabia, na tabia zenyewe ni chache. Kila silaha ichukuliwe kuwa imejaa, hata kama umekabidhiwa na mtu anayeapa kuwa ni tupu. Fungua, tazama chemba, pitisha na kidole. Mtutu usielekee kamwe kwa kitu usichotaka kukiharibu, iwe unatembea, unakaa au unageuka kuitwa jina. Kidole kikae nje ya triga mpaka macho yameshalenga na akili imeshaamua. Na jua kilicho nyuma ya shabaha yako.

Hiyo ya mwisho ina maana ya pekee huku kwetu. Shule zetu zimekaa kwenye miteremko. Chini ya uwanja kuna nyumba, chini ya nyumba kuna shamba ambalo mtu anachuma chai au anavuna kabichi, na ng'ambo ya bonde kuna nyumba nyingine. Risasi iliyomkosa mwizi getini haiishii getini. Madarasa mengi ni ya tofali za kuchoma na bati, na risasi ya bunduki ya kivita inaweza kupenya ukuta wa namna hiyo au kupita dirishani hadi kwa watoto walio upande wa pili. Kuruta arudi nyumbani akiwa ameshajiona kwa mawazo amesimama kwenye uwanja wa shule yake, akajiuliza ni wapi hasa angeweza kufyatua bila kumdhuru asiyehusika. Katika shule nyingi za kata yetu atakuta hapapo.

Kwenye uwanja wa shabaha afuate amri moja kwa moja. Risasi ikigoma, asigeuke nyuma na bunduki mkononi kumwonyesha mkufunzi. Abaki ameelekeza mtutu mbele, ainue mkono, angoje. Akiwa na hofu aseme. Masikio ayazibe. Akikosa shabaha zote asione haya, kwa sababu mlinzi wa shule atapimwa kwa mengine.

Kuna swali moja ambalo kila anayetumwa na shule alibebe na kumwuliza mkufunzi wa polisi: sheria inaniruhusu kutumia nguvu kiasi gani? Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vifungu vinavyokifuatia, inatambua haki ya kujilinda na kumlinda mwenzako na mali, lakini nguvu inayotumika lazima iwe ya kiasi na ya lazima. Mwizi anayekimbia na betri ya sola akiwa amekupa mgongo hakutishii uhai. Ukimuua, utakayesimama kizimbani ni wewe, na kamati iliyokutuma haitasimama nawe.

Anarudi na nini

Anarudi bila bunduki. Hili liwekwe wazi kijijini kabla hajaondoka, ili pasiwe na manung'uniko: kuhitimu mgambo si kupewa silaha, na silaha za mafunzo hurudi ghalani. Wala asijaribiwe kuziba pengo kwa gobore la babu lililofichwa darini. Gobore lisilo na kibali ni kosa, na linaweza kumlipukia mpigaji usoni. Serikali imekuwa ikitoa nafasi ya kusalimisha silaha haramu kwa hiari bila kushtakiwa, kama ilivyofanya mwaka 2022 na 2023. Nafasi kama hiyo ikitangazwa tena, mwenyekiti aitangaze msikitini na kanisani.

Anachorudi nacho ni kingine, na shule ikitumie wiki hiyo hiyo kabla hakijapoa. Awafundishe walimu na viranja kugandamiza jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi bila kuachia mpaka gari lifike Hospitali ya Bumbuli. Aonyeshe namna ya kukabidhi lindo kwa maandishi: saa, hali ya milango, aliyepita, kilichosikika. Daftari la wageni lianze getini, na hata diwani aandike jina. Atembee na Mwalimu Mkuu kuzunguka shule mchana, kisha usiku, wakiandika kila mahali ambapo mtu anaweza kujificha na kila mlango usiofunguka kwa haraka.

Simu nayo ina mambo yake mabondeni. Mlinzi ajue mtandao unashika wapi hasa, jiwe gani au kona gani ya uwanja, na namba ziandikwe ukutani kwa rangi: 112 ya polisi, 114 ya Zimamoto, 116 ya kuripoti ukatili dhidi ya mtoto, pamoja na simu ya mkaguzi wa polisi wa kata na ya dereva mmoja mwenye gari. Gari la Zimamoto halitawahi kufika Mgwashi kabla bati halijaporomoka. Kwa hiyo ndoo za mchanga, pipa la maji lililojaa na shoka la kuvunjia mlango ndivyo Zimamoto ya shule.

Mazoezi ya dharura yafanyike kila muhula, ila yatangazwe. Tarehe 30 Novemba 2015, miezi michache baada ya Garissa, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la kuigiza shambulio huku milio ya risasi ikisikika. Watu wakaamini ni kweli, wakaruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alifariki na wengi wakajeruhiwa. Mhitimu wetu aliyetoka kambini na ari asije akawatisha watoto ili "wazoee". Filimbi inatosha: milio mirefu kwa moto, mifupi kwa mtu hatari, watoto wanatoka kwa mstari hadi mahali palipokubaliwa, na kila mwalimu anahesabu wake kwa majina.

Katika shule nyingi silaha za moto zitafika wakati mmoja tu, nao ni msimu wa mitihani ya taifa, Septemba kwa darasa la saba na Novemba kwa kidato cha nne, wakati askari wanapokuja kulinda karatasi. Hapo mlinzi aliyefunzwa ana kazi ya maana. Yeye na Mkuu wa Shule wamwonyeshe askari chumba chenye kufuli cha kupumzikia, mbali na njia ya watoto, na kwa heshima wamwombe bunduki isiegemezwe ukutani wala isipigwe nayo picha na wanafunzi. Watoto waambiwe asubuhi mstarini: ukiona silaha popote, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima. Onyo hilo litawafaa hata nyumbani.

Na kama shule ina mali nyingi kiasi kwamba bodi imeajiri kampuni yenye walinzi wa silaha, mkataba useme kwamba silaha ni ya kampuni na inabaki mikononi mwa mlinzi wake, haihifadhiwi stoo ya shule, haiingii darasani wala bwenini, na mlinzi akionekana amelewa mara moja tu anaondolewa usiku huo. Kampuni inayokataa maneno hayo isipewe kazi.

Zipo pesa chache, na zina mpangilio wake. Kabla ya nauli ya kumpeleka mtu mafunzoni, zitoke za kufungua mlango wa pili wa bweni unaofunguka kwa nje, kisha taa mbili za sola, filimbi na tochi nzuri, kisha uzio wa michongoma. Mafunzo yafuate hapo, na bunduki isiwemo kwenye bajeti.

Mwenyekiti wa kamati unayesoma haya, wiki hii mwulize Mtendaji wa Kata mgambo unaanza lini, na kesho asubuhi mwite fundi aje ang'oe nondo za dirisha moja katika kila bweni.